Mama Speciosa na Waonjaji wa Mawese

Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, Mama Speciosa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mbili ya uuguzi kwenye kituo chetu cha afya hapa Minago. Wenzangu wa kituo walitaka mwalimu aandike haya ya kumuaga. Nilikataa. Mimi Pontiani, mlinzi wa lango, niliishia mwaka wa tatu wa shule, lakini nilikuwapo.

Nusu ya Minago amezalisha yeye. Sindano yake haiumi. Kinachouma ni mdomo wake, kama umechelewa kuleta mutoto.

Lakini habari kubwa ni ya kinu cha mawese kule mlimani. Mwenye kinu alileta watu kumi na mmoja, wengine toka Kongo, wengine toka Bugarama. Aliwaahidi kazi nzuri, akawanyang'anya karangamuntu zao, vile vitambulisho vya serikali, akawazuia kutoka. Tukasikia mmoja ameungua mguu kwa mafuta ya moto, nao unaoza.

Mama akaenda kama mnunuzi. Nani alimpandisha mlima ule kwa baiskeli, pamoja na bido mbili, madumu ya kutilia mafuta, bila kushuka hata mara moja? Ni mimi.

Kwetu anayekupa pombe huonja kwanza. Mama akasema na mawese ni vilevile: kila aliyeyapika aje aonje mbele yake. Mwenye kinu akacheka: "Mama, unanunua mafuta ao unachagua mukwe?"

"Mukwe hachaguliwi gizani. Leta wote!"

Wakaja mmoja mmoja, Mama akimuuliza kila mmoja jina lake. Akaona viganja vilivyochunika, akasikia vifua vilivyojaa moshi. Wa mwisho, Aksanti, alikuja akiburuta mguu.

"Huyu naenda naye."

"Hana karangamuntu. Nani atamupokea?"

"Mimi."

Wanunuzi wengine walikuwa wanatazama. Mwenye kinu akatupisha njia. Aksanti akapanda baiskeli yangu, Mama akashuka kwa miguu. Kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa, palipotakiwa namba ya karangamuntu, Mama aliandika ya kwake. Kesho yake akapeleka majina yote kwa polisi, na wale kumi wakatolewa. Mguu wa Aksanti haukukatwa. Jumapili anacheza mpira, tena vibaya.

Murakoze, Mama, asante sana. Uzee wako uwe na usingizi mrefu na samaki wabichi. Mashaka yako nayajua: nani atapokea wasio na karatasi? Muuguzi mpya, Irakoze, nimeshamwambia. Na mimi nikiwa langoni, mgonjwa haulizwi karangamuntu. Mimi ni mbishi, unanijua.