Vikombe Vinne vya Jacqueline

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Hyasinta, kwenye kona ya Mtaa wa Msimbazi, kando ya sahani ya kashata palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa amesema Kiswahili shuleni. Alirudi nacho jana Jacqueline, binti yake wa kidato cha kwanza. Shuleni kwao ukivishwa, unamvizia mwenzako akiteleza kwa Kiswahili, unamvisha yeye. Jacqueline hakumvizia mtu. Sasa alikaa nyuma ya jiko bila sare, akisema shule harudi tena. Saa nne wazazi wangekaa kikao kuhusu kibao hicho, na Hyasinta hakujua atasema nini.

— Kivaliwe tu, alisema Kontena, kuli wa bandarini. Kichwa cha mtoto ni kontena. Ukipakia lugha mbili, mizigo inagongana.

— Acha fiksi! alijibu Mzee Redio, fundi wa redio. Kichwa kina stesheni tele.

— Zikiongea mbili kwa pamoja utasikia nini, mzee wangu? Mikwaruzo.

— Tatizo ni joto. Kiingereza kimezoea baridi. Hapa Bongo kinayeyuka kabla hakijafika masikioni. Wafunge kiyoyozi darasani, uone watoto watakavyotiririka!

— Si bora wasomee kwenye kontena la barafu la samaki?

— Nyie chekeni, alisema Hyasinta. Mimi ndiye nitakayesimama mbele za watu.

Hapo akafika Harshida, mama wa Upanga aliyekuja Kariakoo kununua vitambaa, akaomba kahawa.

— Shikamoo, alisema Jacqueline.

— Marahaba, mwanangu. Harshida akakiokota kibao, akakisoma, akamtazama Jacqueline asiye na sare. Ulikuwa unasema nini walipokuvisha?

Hyasinta alishtuka. Tangu jana alikuwa ameuliza yote, isipokuwa hilo.

— Nilikuwa namweleza Samah, mwenzangu darasani, kuhusu moyo. Mwalimu alipofundisha kwa Kiingereza hakuelewa.

— Moyo wa mapenzi? alidakia Kontena.

— Moyo wenyewe, anko.

Jacqueline akachukua vikombe vinne, akavipanga viwili viwili.

— Hivi ni vyumba. Huku kulia inaingia damu iliyochoka, imetoka kuzunguka mwili. Inasukumwa kwenye mapafu, ikapate hewa safi. Inarudi huku kushoto, inasukumwa tena mpaka kidole cha mguu. Kuna milango, ili isirudi nyuma. Ile du-dum unayoisikia ni milango inafungwa.

Kontena aliweka kiganja kifuani, taratibu, kama anayegusa kitu cha mtu mwingine.

— Hata sasa hivi inafungwa?

— Inafungwa.

— Na nikilala?

— Haijawahi kupumzika, anko. Ilianza hujazaliwa.

— Miaka arobaini nimebeba mizigo ya watu, alinong'ona Kontena. Kumbe humu ndani kuna kuli hodari kuliko mimi.

Mzee Redio alivua kofia. Hyasinta alimtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

— Sasa, aliuliza Harshida, kosa lake ni lipi?

Hyasinta akaliweka birika chini.

Akakichukua kibao, akajivisha mwenyewe.

— Vaa sare, mwanangu. Beba na hivyo vikombe vinne. Tunaenda kikaoni.