Bango la Baga ya Kwanza

Kwenye kona ya mafundi baiskeli, Moshi mjini, kuna benchi moja, jiko moja la mkaa na Lukresia, muuza kahawa. Miaka kumi na moja iliyopita, Efraimu alikuwa akikaanga baga kwenye kona hiyo hiyo. Leo ana maduka Arusha, Dodoma mpaka Dar, na kampuni yake imetangaza kuweka bango pale liliposimama jiko lake la kwanza, pamoja na uzio wa chuma na maua. Lukresia alipajua. Ndipo lilipo jiko lake yeye. Uzio ukija, yeye anaondoka. Basi asubuhi bango lilipokuwa linaletwa, akawageukia wazee watatu wa benchi.

— Jamani, eti Efraimu alianzia hapa kweli?

— Hapa? Nani kakudanganya? — alidakia Kornel, wanayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mara mbili. — Baga ilianzia Uru, kwenye kihamba, shamba la migomba la babu yake. Ukoo ulichinja ng'ombe, kila mtu akadai sehemu yake. Shangazi hii, mjomba ile, kidari wanakigombea watu wanne. Babu akachoka, akamsaga ng'ombe mzima. Haya, tambua chako!

— Saga utakavyo, kidari changu nakijua kwa harufu — alisema Fabian. Huyu jina lake la kijiweni ni Kidari, na kila Krismasi anaeleza kwa nini.

Lukresia akamwongezea Wakili nusu kikombe, bure. Uru ilikuwa karibu mno. Gari la kampuni lingepanda, lisikute kitu, na kushuka kabla ya saa nne.

— Kwani haiwezi kuwa mbali zaidi?

Mzee Basili aliitazama ile kahawa ya bure. Aliwahi kufuta vioo uwanja wa ndege, ndiyo maana anaitwa Rubani.

— Nyie mnabaki huku chini tu. Baga imeanzia mlimani, kambi ya juu kabisa! Mzungu aliweka nyama katikati ya mikate miwili, akaikalia isigande. Efraimu alikuwa mgumu wake, anambebea mizigo. Akaionja imeshakuwa bapa. Mpaka leo si bapa?

— Acha fiksi, meku. Wewe uliona? — Wakili alimkata mzee mwenzake.

— Nilivifuta vioo vya ndege iliyopita juu yao!

Kikombe cha Rubani kilijaa mpaka kikamwagika. Kidari akaona chake bado kikavu, akasimama.

— Wote mmepotea. Duka lilikuwa Masama. Masika ikaliteremsha zima zima, jiko linawaka. Wateja waliuma wakiwa Masama, wakamezea Moshi mjini!

— Sasa bango litasimama wapi? — aliuliza Lukresia.

— Halisimami. Lifungwe magurudumu, liwe linazunguka.

— Umetisha! — alisema Lukresia, akammiminia yote iliyobaki kwenye birika.

Hapo akatokea mwanamke mwenye sepetu mkononi na bango kwapani.

— Shikamooni. Naitwa Evelyn, fundi wa mabango kutoka Sanya Juu.

— Marahaba, mwanangu! Peleka mlimani hilo! — Rubani aliwahi.

— Masama! — alisema Kidari.

— Uru, na nitaapa!

Evelyn akawatazama mmoja mmoja, kisha akatoa fomu.

— Wazee wangu, mimi nimeagizwa kitu kimoja. Nichimbe pale atakapoonyesha mtu aliyekula baga ya Efraimu siku zile za mwanzo, halafu asaini. Nani kati yenu aliila?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe. Rubani akatazama mawingu.

— Mimi harufu ilikuwa inanifikia — alisema Kidari taratibu.

— Harufu haisaini, mzee. Na wewe, mama?

Lukresia akashika birika kwa mikono miwili. Hakulelewa kusema uongo.

— Mimi nauza kahawa, mwanangu. Ila leo imeniishia.

Evelyn akaandika, "Shahidi hakupatikana," akakunja fomu, akaondoka na bango lake. Lukresia alingoja mpaka sepetu likapotea kwenye kona ya mbele. Ndipo akakaa kwenye kigoda chake, pale pale Efraimu alipomkabidhi baga ya kwanza, akimuuliza kama chumvi imekolea.