Mwalimu Aliyerudi Safu ya Besi

Baba Paroko, wazee wetu, wanakwaya, majirani wa Nyakitonto, wageni kutoka Kibondo na Kasulu mjini, na ndugu zetu wa Nyarugusu mliopewa kibali cha kuwa nasi leo, familia inawaomba mkae vizuri, kwa kuwa mtu tunayemzika alipenda kusimuliwa habari zenye mwanzo na mwisho, na hakuwahi kumvumilia msomaji anayekimbia.

Marehemu Fransisko Manirambona alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Kumsenga, wilayani Kibondo, akiwa mtoto wa nne wa mzee Petro Nduwayezu na mama Anastazia, wakulima wa mtama na maharage, watu waliojulikana zaidi kwa kucheka kuliko kwa mali. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kugonga kila chombo kilichotoa sauti kabla hajajua kutembea, ikafika mahali vyungu vya nyumbani vikawa vinafichwa darini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 akamaliza la saba mwaka 1966, hapo hapo Kibondo, na katika miaka hiyo alichapwa mara nyingi na mwalimu mmoja kwa kosa la kupiga ngoma juu ya dawati wakati wa hesabu, mpaka siku moja mwalimu huyo akaweka fimbo chini, akachora ubaoni do re mi fa so, akamwambia kwamba kama hawezi kunyamaza, basi na ajifunze kupiga kelele kwa utaratibu. Tangu siku hiyo hadi mwalimu yule alipofariki, kila mwisho wa mwaka Manirambona alimpelekea jogoo, na alipoulizwa na wenzake inakuwaje amshukuru mtu aliyemchapa namna ile, alisema kwamba fimbo alikuwa ameisahau, lakini do re mi alikuwa bado anaitumia.

Mwaka 1969 alikwenda Kabanga kujifunza useremala katika karakana ya misheni, akakaa huko miaka mitano, akatoka akiwa fundi kamili wa milango, madirisha na viti. Mwaka 1976 alitumwa Nyakitonto kutengeneza mabenchi ya kigango hiki, kazi iliyotakiwa kuchukua mwezi mmoja, nayo ikamchukua maisha yake yote, kwa sababu mabenchi yalipokwisha na watu wakaja kuyatazama, alitokea binti mmoja, Immakulata Ndayiragije, aliyemkalisha bibi yake kwenye benchi la mbele, akamgeukia fundi akamwonyesha miguu ya yule bibi ikining'inia bila kugusa sakafu.

"Fundi," alimwambia, "haya umewapimia malaika au watu?"

Mafundi wenzake walitegemea atajibu kwa ukali, maana alikuwa kijana na sifa zake zilishafika Kasulu, lakini yeye aliinama, akaitazama miguu ile kwa muda, akamwomba bibi radhi, kisha akayakata miguu mabenchi yote, moja baada ya jingine. Mama Immakulata amekuwa akituambia siku zote kwamba alikubali kuolewa kabla hajaposwa, siku ile ile alipomwona mwanamume amekosolewa na msichana mbele za watu na uso wake usijikunje. Ndoa yao ilifungwa hapa hapa Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 1977, nao wakajaliwa watoto wanne, Nestori aliyezaliwa mwaka 1979, Yustina mwaka 1981, Ladislausi mwaka 1984 na Skolastika mwaka 1988, na sasa kuna wajukuu wanaotosha kuanzisha kwaya yao.

Masika ya mwaka 1984, Yustina akiwa na miaka mitatu, alishikwa na degedege, barabara ikiwa tope tupu na hakuna gari lililokubali kusimama, hadi alipopita Bwana Gharibu Hilali, mfanyabiashara wa vitambaa wa Kasulu mjini, akiwa na pikapu iliyojaa magunia ya maharage. Bwana Gharibu hakuuliza ni mtoto wa nani wala wa dini gani, alishusha magunia yake kando ya barabara mvua ikiyanyeshea, akawapakia mama na mtoto, akawakimbiza hospitali ya Kabanga, na Yustina akapona, ndiye yule pale aliyevaa kitenge cha kijani. Kuanzia mwaka huo, kila sikukuu ya Idi, Manirambona aliwachukua watoto wake mpaka dukani kwa Bwana Gharibu, wakasimama kizingitini, wakaimba wimbo aliowatungia wa kumshukuru, wateja wakisikiliza. Miaka ilipita, na Idi moja Bwana Gharibu mwenyewe akaanza kuona haya.

"Fundi, yule mtoto sasa ana watoto wake," alisema, "utashukuru mpaka lini?"

"Si bado yupo hai?" akajibu Manirambona, akainua mkono, na watoto na wajukuu wakaanza ubeti wa kwanza.

Kwaya ya kigango alianza kuifundisha mwaka 1979, mchana akiranda mbao na jioni akifundisha, bila malipo, kwa zaidi ya miaka thelathini. Chini yake kwaya hii ilipata jina, ikaalikwa Kibondo, Kasulu na Kigoma mjini, na yeye mwenyewe akawa haitwi tena fundi, akaitwa Mwalimu, naye, tusimfiche, alilipenda jina hilo sana. Alikuwa mkali. Mwanakwaya wake alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, na aliyetikisa hata bega alirudishwa nyumbani. Kwa hiyo Novemba mwaka 2012, kwaya ilipopata ruhusa ya kuitembelea kwaya ya wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, alikwenda akiwa amewaambia watu wake kwamba wanakwenda kuwaonyesha wenzao uimbaji ni nini.

Kwaya ya Nyakitonto iliimba kwanza, ikaimba vizuri, ikapigiwa makofi ya adabu. Kisha wakasimama wenyeji, wakiongozwa na mama mmoja kijana kutoka Kongo ya mashariki, Aksanti Mulenda, na hata kabla ubeti wa kwanza haujaisha, watoto walikuwa wanacheza, wazee wanalia, na besi wa Nyakitonto walikuwa wanatikisa mabega mbele ya macho ya Mwalimu wao. Njiani wakati wa kurudi, watu walidhani Manirambona amechukia.

Wiki ile aliingia karakanani kwake akawa anaranda ubao mmoja tu, asubuhi hadi jioni, mpaka mkewe alipokwenda kumtazama akakuta ubao umebaki mwembamba kama ganda la mgomba.

"Baba Nestori, ubao umekwisha," alimwambia. "Sasa utaranda mkono?"

Ndipo alipokaa juu ya rundo la mbao, akamweleza mkewe kilichokuwa kinamla, kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha watu kusimama kama nguzo za uzio, kwamba yule mama wa kambini alijua kitu ambacho yeye hakukijua, na kwamba kulikubali jambo hilo kulikuwa kunamuuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu watu walimwita mkubwa na yeye alikuwa ameanza kuamini. Mama Immakulata anasema hakumpa ushauri wowote, alimletea uji. Siku iliyofuata Manirambona alivaa koti lake la Jumapili akaenda kuomba kibali cha kuingia tena Nyarugusu.

Aksanti alipomwona mzee yule mwenye mvi akimwomba amfundishe, alishtuka.

"Papa, mimi niko mtoto kwako," alisema, "nitakufundisha namna gani?"

"Uniite papa tukimaliza," alijibu Manirambona. "Kwenye wimbo mimi ni mwanafunzi wako."

Alikuwa anakwenda na kurudi kila alipopata ruhusa, na mwaka 2013 ulipofika, mwaka wa jubilei ya parokia yetu, aliiomba kamati ya sherehe imwombee Aksanti kibali cha kuja Nyakitonto kuifundisha kwaya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Safu nzima ya besi iligoma, wengine wakisema hawawezi kuongozwa na mwanamke, wengine kwamba si wa kuongozwa na mkimbizi, na wengine walimwonea uchungu Mwalimu wao kwa kudhani kwamba amesukumwa pembeni. Kwaya ikawa karibu kuvunjika, jubilei ikiwa mlangoni. Manirambona hakuitisha kikao, alichukua mfuko wake wa vifaa akaenda nyumba kwa nyumba, na kila alipofika aliangalia kwanza kama kuna mlango unaokwaruza au kiti kilicholegea, akakitengeneza taratibu huku wakizungumza, na kwa wote alisema maneno yale yale, kwamba hakusukumwa na mtu, kwamba ana shida ya besi mmoja wa kusimama karibu naye kwa sababu yeye safu hiyo hajaizoea. Walirudi wote, na milango ya kijiji kizima ikawa inafunga vizuri.

Zikiwa zimebaki siku chache, kamati ilimfuata kwa siri ikamshauri kwamba, kwa kuwa Baba Askofu atakuwepo pamoja na wageni wakubwa, lingekuwa jambo la heshima yeye asimame mbele siku hiyo moja tu, Aksanti akae na waimbaji wa alto, maana kazi ameshaimaliza na wageni hawatajua. Alikataa kwa upole, akasema kwamba wageni hawatajua, lakini wimbo utajua.

Jumapili ya tarehe 21 Julai 2013, wengi wenu mlikuwepo, mliona kwaya ya Nyakitonto ikiimba kama haijawahi kuimba, Aksanti akiwa mbele na Mwalimu akiwa safu ya nyuma kabisa, akitikisa mabega kwa kuchelewa kidogo kuliko wenzake. Misa ilipokwisha, Baba Askofu alisema anataka kumwona mwalimu wa kwaya hii, na watu, kwa mazoea ya miaka, wakaanza kumsukuma Manirambona. Alitoka kwenye safu, na wapo waliofikiri sasa anakwenda kuchukua kilicho chake, lakini aliugeukia upande wa alto, ambako Aksanti alikuwa tayari amejificha, akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele ya altare.

"Baba Askofu, mwalimu ni huyu," alisema. "Mimi naimba besi."

Vigelegele vya siku ile vilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Kibali cha Aksanti kilipokwisha naye akarudi kambini, kwaya ilimwomba Manirambona asimame tena mbele, akasimama, akafundisha kwa namna mpya aliyojifunza, na kila aliposifiwa alitaja jina la Aksanti kabla msifu hajamaliza sentensi. Mwaka 2019 alimkabidhi kazi kijana wake Ladislausi, akarudi safu ya besi, akakaa huko kwa furaha, akikosolewa na mwanawe kama mwanakwaya mwingine yeyote, na kwa kweli akikosolewa mara nyingi, kwa sababu uzee ulimfanya apende kuburuza noti ya mwisho.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2022, na mwezi Juni mwaka huu wa 2024 alipatwa na kiharusi kilichomlemaza mkono wa kulia, akalazwa hospitali ya Kabanga. Huko nako hakukaa kimya, aliwapanga wagonjwa wa wodi yake kwa sauti, akawaongoza kwa mkono wa kushoto, na wauguzi wanatuambia kwamba wodi ile ilikuwa inaimba kabla ya chai. Mapema mwezi huu hali ilibadilika. Aksanti alipata ruhusa ya kuja kumwona, akamwimbia kwa sauti ndogo, na siku hiyo hiyo mama yetu, kwa ujasiri wake ule ule wa kwenye mabenchi, akamuuliza mumewe angependa tuseme nini juu yake siku kama ya leo, maana watu watataka kusikia kwamba alikuwa mtu mkubwa. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini neno alilitoa lote.

"Semeni nilifundishika."

Alifariki Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kabanga waliomhudumia na kumvumilia, inawashukuru majirani mliochimba, mliopika na mliolala nasi msibani, mafundi wenzake mliolitengeneza jeneza hili kwa mbao alizojichagulia mwenyewe, Bwana Gharibu na watu wa nyumbani kwake, wanakwaya wa Nyakitonto na wa Nyarugusu, na wewe Mwalimu Aksanti. Kama tumemsahau mtu, basi atusamehe, maana aliyekuwa anakumbuka kushukuru wote katika nyumba yetu ndiye huyu tunayemzika, na kuanzia leo itabidi tujifunze wenyewe.

Warakoze, asante sana, Baba. Nenda kapumzike kwa amani.