Mwalimu Breki, Aliyejifunza Kungoja Akiwa na Miaka Sitini

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja na lile gari jeupe la kikundi, asanteni kwa kufika. Mimi ni mtoto wake wa pili, binti pekee. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaandika wasifu mwingine, mzuri tu, wenye neno "mcheshi" mara tatu. Nikamuuliza, "Kaka, huyo unayemzika wewe ni nani?" Tukabishana mpaka mama akasema, "Mwacheni aandike yeye, asije akapasuka." Kwa hiyo mtanivumilia.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi mwashi na mkewe. Shangazi mkubwa, aliyekuwepo siku hiyo, anasema mtoto alitoka mkunga akiwa bado ananawa mikono. Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa wa kwanza kufika, na mwalimu akichelewa yeye ndiye aliyenuna.

Alipata leseni mwaka 1970. Kuanzia 1971 hadi 1983 aliendesha lori la idara ya barabara, kisha akafungua chuo chake cha udereva: gari moja, ubao mmoja na viti sita. Alifundisha kwa miaka ishirini na minane. Wengi mliopo hapa mna leseni kwa jasho lake, na baadhi yenu mpaka leo mkisikia mtu anakohoa kando yenu mnakanyaga breki. Jina la Mwalimu Breki mlimpa nyinyi wanafunzi, kwa sababu gari lile lilikuwa na breki ya pili upande wake, naye aliikanyaga hata barabara ikiwa nyeupe. Somo likiwa la saa mbili, saa mbili na dakika moja gari halipo. "Saa haina undugu," ndivyo alivyokuwa akisema. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyeachwa na gari.

Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Walijaliwa watoto watatu. Mama anasema kwa miaka thelathini na tano alipanda gari la mumewe likiwa linatembea, viatu mkononi, kitana mdomoni. Watu wakicheka, na yeye anacheka. Mimi sicheki.

Sicheki kwa sababu ya mwaka 1994. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ilikuwa asubuhi ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Ukanda wa kiatu changu ulikatika mlangoni, nikarudi ndani kutafuta pini. Nilisikia gari likiwashwa. Nikapiga kelele, "Baba, nakuja!" Akaondoka. Nilikimbia kilomita nne, nikafika nimelowa jasho, wenzangu wako swali la kumi na mbili. Shule niliyoitaka sikuipata. Jioni aliniambia, "Umejifunza?" Ndiyo, baba, nilijifunza. Nilijifunza kungoja siku utakayosema pole, na nikangoja miaka thelathini.

Alistaafu mwishoni mwa 2011. Januari iliyofuata, gari la kikundi cha kupeleka wagonjwa wa figo hospitali lilizimika mbele ya geti letu, likaziba njia. Baba alitoka kwenda kugomba. Kwenye usukani alimkuta muuguzi mstaafu, mwanzilishi wa kikundi, mama mwenye mwili mdogo, miguu haifiki vizuri kwenye klachi. Dereva wao alikuwa amepata kazi kwingine. Baba alienda kugomba, akarudi na funguo. "Wiki moja tu," alituambia.

Siku yake ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Februari 2012. Alipeleka watu saba kusafishwa damu kwa mashine, na saa saba kamili aliondoka na watu sita. Muuguzi akampokea pale ofisini kwao, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa.

"Mwalimu, umemsahau mtu."

"Sikumsahau. Alichelewa."

"Damu yake ilikuwa bado iko nje ya mwili wake," muuguzi akamwambia.

Baba aligeuza gari. Aliyeachwa alikuwa bibi mmoja mshonaji. Alimkuta kwenye benchi la nje, mkono umefungwa bandeji, mkoba uko magotini. Kabla baba hajafungua mdomo, yule bibi akasema, "Pole mwanangu, nimekuchelewesha." Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mama anasema siku hiyo baba alirudi nyumbani, akakaa mezani mbele ya chakula, hakukigusa. Jumatano akarudi kazini kwao, na ile wiki moja ikawa miaka kumi na miwili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila malipo, akikaa saa nne au tano nje ya wodi.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikunjwa akiwa mkavu, na hakuvunjika. Alijua nani akitoka kwenye mashine hupata kizunguzungu na lazima alale kidogo, nani hukasirika, nani hutaka kuzungumza na nani hataki hata salamu. Aliwasomea magazeti. Alimsubiri mzee mmoja kinyozi ashuke ngazi kumi na nne, moja moja, huku akimhesabia. Siku moja alimwambia mama, "Wewe jiandae taratibu, mimi nimekaa." Mama aliogopa, akanipigia simu: "Njoo umwone baba yako, nadhani anaumwa."

Niseme kilichonikaa moyoni, maana nikinyamaza leo sitasema tena. Nilikasirika. Watu walinisimamisha sokoni kuniambia, "Una bahati, baba yako ana subira!" Subira gani? Sisi tulimpata na saa yake isiyo na undugu, wao wakampata akiwa hana haraka. Mwaka 2019 nilimkuta ameinama anamfunga binti yangu kamba za viatu, anamwambia, "Polepole mjukuu wangu, gari haliendi popote." Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, kisha nikarudi nikawa mkali kwa kila mtu. Kwa nini hakuweza kuwa hivyo mwaka 1994? Geti lilikuwa lile lile, mtoto mwenye kiatu alikuwepo. Nilimuuliza muuguzi siku moja, kwa kejeli, mmempa dawa gani. Akasema, "Hakuna dawa, mwanangu. Pale nje ya wodi hakuna kitu cha kufanya ila kumngoja mtu." Jibu hilo lilinikera zaidi.

Baba alikuwa na ngiri kwa miaka sita. Mara mbili alipangiwa upasuaji, mara mbili ukaangukia siku za gari, akaahirisha. Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, ngiri ilibana utumbo. Kaka alinipigia kazini, pale posta ninapofanya ukarani: "Baba anapasuliwa leo, ile ngiri yake. Njoo." Hakusema ni dharura, kwa sababu naye hakuwa ameambiwa. Saa sita na nusu niliruhusiwa kutoka. Baba mwenyewe akanipigia.

"Uko wapi, mama?"

"Niko njiani."

"Usiharakishe. Mimi nakungoja."

Ilikuwa ile sauti ya wagonjwa wake, ya polepole. Sijui niwaambieje. Sikuwa njiani. Nilikuwa nimesimama nje ya mgahawa ulio mkabala na posta. Nikaingia, nikaagiza chai. Nikajiambia, leo na yeye angoje, aone utamu wake. Nikazima simu, nikaagiza ya pili, nikakaa nayo mpaka saa kumi. Nilifika hospitali saa kumi na nusu.

Nilimkuta kitandani, uso umekuwa wa kijivu, fomu ya upasuaji kifuani, haijasainiwa. Daktari alikuwa amemwita tangu saa saba. Kaka alikuwa amembembeleza mpaka sauti ikakauka. Muuguzi mstaafu alikuwa ameletwa amsihi, naye akashindwa. Yeye ndiye aliyenieleza baadaye maneno ya baba: "Yule mtoto nilimwacha mara nyingi. Leo siondoki bila yeye." Aliponiona akatabasamu, akasema, "Umefika. Haya, sasa twende." Akasaini. Lakini chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshachukuliwa na majeruhi wa ajali, na zamu yake ikaja saa kumi na mbili. Utumbo ulikuwa umeoza. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Hakuzinduka, wala hatukuzungumza tena.

Daktari anasema pengine hata saa saba ingekuwa tumechelewa. Pengine. Kaka alitaka aya hiyo ifutwe. Nimekataa. Siku moja tu katika maisha yangu yote ilipasa aniache aende zake, na siku hiyo ndiyo aliyochagua kunisubiri. Nimemkasirikia, nimewakasirikia nyinyi wa kikundi mliomfundisha kungoja, na kwa ajili ya chai mbili sijui nitajikasirikia mpaka lini.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wake mmoja wa kiume. Ameacha pia wagonjwa saba wa kikundi. Kaka aliwaweka kwenye orodha ya marafiki, mimi nimewaweka kwenye familia, kwa sababu kama si nyinyi nisingejua kwamba anaweza kukaa.

Mungu ampe pumziko la amani. Tangulia, baba. Nitafika kwa wakati wangu. Safari hii, nakuomba, usiningoje.