Philippe Kisimba, Fundi Aliyetoboa Vifuniko vya Viti

Kabla ya kumsindikiza Philippe Kisimba Mwansa makaburini, familia inaomba maisha yake yasikilizwe. Wapo wanaosema karakana yake ilikosa wateja kwa sababu ya pombe. Haikuwa hivyo, na jina lake lisizikwe na uongo huo.

Alizaliwa Panda, hapa Likasi, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa Mzee Mwansa, mvunja mawe wa Kakontwe, na Mama Stéphanie. Alisoma shule ya msingi Panda, kisha ushonaji katika shule ya ufundi, akamaliza mwaka 1980.

Mwaka 1988 alifungua karakana yake Kikula, akishona vifuniko vya viti vya magari. Teksi iliyotoka kwake ilitambulika mara moja, maana ndani ilipendeza kama sebule. Tarehe 28 Julai 1990 alifunga ndoa na Albertine Mujinga, mwalimu wa Kifaransa. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2009 dada yake mkubwa, Adrienne, alipanda teksi kwenda Buluo, akakaa mbele. Gari liligonga lori lililosimama, naye akarushwa, akavunjika nyonga. Philippe alipofika hospitalini, dada alimwambia, "Philippe, nilitafuta ceinture na mukono. Nilikuta tu kitambaa yako." Mkanda wa usalama ulikuwa umezibwa na kazi nzuri ya mikono yake. Familia haifichi jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha.

Tangu hapo alitoboa kila kifuniko pale mkanda unapotokea. Kwenye magari yenye mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti, aliacha ubavu huo wazi, ili mfuko upate njia ya kutoka na kujaa hewa gari linapogongwa. Aliwaita madereva warudishe vifuniko vya zamani avirekebishe bure. Wengi walicheka. Osée, mwenye mabasi madogo, alimfokea mbele ya watu:

"Papa Philippe, nakuletea viti ufunike, weye unatoboa! Bantu batasema gari ya Osée inapasuka-pasuka!"

"Baache baseme, ndugu yangu. Kama banasema, njo kusema beko bazima, habakufa."

Osée alipeleka mabasi yake kwa fundi mwingine, na wengine wakamfuata. Hivyo ndivyo karakana ilivyopungukiwa wateja. Kuhusu pombe, chupa moja ya bia siku ya Noeli ilimtosha Philippe, na mara nyingi hakuimaliza.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo. Siku ya kupelekwa Lubumbashi, mpwa wake Ricky alikuwa ameshawasha gari.

"Ricky, usitoke. Mama Albertine hayafunga ceinture."

"Papa, docteur anatungojea!"

"Atangojea. Ceinture iko chini ya kiti, muitafute."

Albertine alishuka, akapiga magoti mavumbini na kitenge chake cha misa, akauchomoa mkanda kwa kucha. Alimwambia mumewe, "Philippe, hata na ugonjwa hii, weye njo chef tu, unatuamuru!" Philippe akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

Walifika salama, akapokelewa na kutibiwa vizuri. Aliaga dunia tarehe 9 Agosti 2025, mkewe akiwa kando yake. Ni figo zilizomchukua, pasitafutwe mchawi.

Vijana wengi wamezoea kusindikiza maiti wakiwa wamekaa madirishani na juu ya magari, wakiimba. Philippe aliomba isiwe hivyo kwake. Asidhani mtu kwamba familia imekosa vijana au imeona haya kumlilia kwa sauti. Waimbe kwa nguvu zote, ila waimbe wakiwa wamekaa vitini. Katika magari ya msafara, vifuniko vyote vilivyoziba mikanda vimetolewa tangu jana.

Ameacha mjane, Albertine, watoto, Laure, Blaise na Bénie, wajukuu wanne, dada yake, Adrienne, na mdogo wake, Franck, anayesoma maneno haya.

Bwana ampokee Philippe na kumpa pumziko la amani. Sasa tuingieni magarini. Mjane atapita gari kwa gari, na jeneza halitaondoka kabla ya wa mwisho kufunga mkanda.