Meza ya Fundi Kasimiri

Mie kijiwe chetu cha Temeke nimekichoka, nasema wazi, na bado zamu yangu ghalani ikiisha saa sita naja kukaa palepale. Mwaka huo wa sabini na sita sukari ilikuwa ya kupangia foleni, lakini Mwishehe muuza kahawa hakukosa kashata, sijui alizitoa wapi. Jamali tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Mie ni Audax, wananiita Fomu, kwa kuwa mtaa mzima nawajazia makaratasi ya serikali. Wa nne ni fundi Kasimiri, seremala, mtu wa Masasi, ambaye siku hii ninayoisimulia hata kikombe hakukitaka. Na sote tulikuwa tumekalia meza yake ya kazi. Nitaeleza ilifikaje barabarani.

Kasimiri alikuwa amepata kazi ya madawati arobaini ya shule, na macho yake yamekwisha. Mstari wa penseli hauoni tena. Aliyelijua hilo ni mie peke yangu. Basi ulipokuja mpango wa kupeleka wanafunzi wa ufundi kwenye karakana ndogo, miezi mitatu, serikali ilipe nusu ya posho na fundi nusu, nikamjazia fomu. Alifurahi yule mzee, jamani! Alitaka macho ya kijana tu, hakuna jingine. Kosa langu ni kuisoma ile fomu kwa sauti, hapahapa kijiweni, iliporudi imekubaliwa. Mstari wa mwisho ulisema mwanafunzi ataandika taarifa kila Ijumaa.

— Taarifa ya nini? akadaka Jamali.

— Ya alichojifunza, nikamjibu.

— Weee, Fomu! Mtu ajifunze kupiga randa halafu akaandike? Huyo anakuja kuhesabu. Misumeno mingapi, watu wangapi wanamfanyia fundi kazi.

— Watu gani? akasema Kasimiri. Mie si niko peke yangu?

— Ndo hapo sasa. Akija yeye mtakuwa wawili. Mmoja anafanya, mmoja anamfanyisha. Unyonyaji ukoje kwani?

Mwishehe akaacha kumimina kahawa.

— Halafu posho serikali inalipa nusu, akasema. Anayelipa nusu ana chake. Nusu ya karakana si yako tena, fundi.

— Nusu ipi? Kasimiri akauliza, na aliuliza kweli, hakutania.

— Watachagua wao.

— Nyie mnaona kidogo! Jamali alishapanda mori. Leo mmoja, kesho kumi, keshokutwa uani kwako pameshakuwa kijiji cha ujamaa. Unaamshwa kwa filimbi! Mkeo Margareta anapikia watu hamsini kwenye sufuria moja!

Nikawaambia waache upuuzi. Lakini nilisema kashata ikiwa mdomoni, na sikusema mara ya pili. Nilikuwa nimechoka, na kubishana na Redio kunataka mtu aliyelala vizuri.

Kasimiri akaondoka. Asubuhi yake akakodi mkokoteni, akapakia randa, misumeno na patasi zote, akazipeleka kwa shemeji yake, mbali huko Gongo la Mboto, zisije zikahesabiwa. Ndani ya banda lake la kazi akafungia kuku wa Margareta. Meza ikakataa kupanda mkokoteni, mvule mtupu ule. Ndipo tukamsaidia kuiburuta hadi hapa kona, tukalifunika jiliwa lake, kile chuma cha kubania mbao, kwa gunia, ionekane benchi la watu. Mguu mmoja niliushika mie mwenyewe.

Siku ya pili yake, saa nane mchana, akatokea msichana na faili la kaki, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Kokuberwa, mwanafunzi wa useremala. Namtafuta fundi Kasimiri.

Redio akazimika. Mara ya kwanza toka nimjue.

— Ni mie, mwanangu, akasema Kasimiri.

— Nimepita bandani kwako, mzee. Nimekuta kuku.

— Ndiyo. Ni kuku.

— Msichana na randa wapi na wapi? akanong'ona Mwishehe.

— Baba yangu alikuwa seremala Bukoba, akajibu Kokuberwa, wala hakukasirika. Mistari yake nimeanza kumchorea nina miaka saba.

Kasimiri akasogeza uso amwone vizuri. Msichana akainama, akafunua lile gunia karibu na paja la Mwishehe, akapapasa chuma.

— Jiliwa zuri hili, akasema. Siku hizi hayapatikani.

Akafungua faili, akatoa penseli.

— Taarifa ya kwanza inatakiwa leo Ijumaa, saa tisa na nusu wanafunga orodha. Natakiwa kuandika zana nilizoziona kwa macho yangu. Karakana isiyo na zana inafutwa, nami napelekwa kwingine. Akatutazama mmoja mmoja. Haya, wazee wangu, niandike nini?

Jamali akachungulia kikombe chake. Mwishehe akatikisa dele la kahawa, likawa tupu. Na mie, Fomu, ninayewaandikia watu vifo na vizazi, nikajitia kufuta makombo ya kashata mezani. Niliona aibu, nasema kweli.

Kasimiri angeweza kututaja. Angeweza kusema, ni hawa hapa walionitia wazimu. Hakusema. Akashuka mezani, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu.

— Inukeni, akasema.

Tukainuka.

— Andika meza, binti.

— Meza moja na jiliwa lake, akaandika. Na nini kingine?

— Basi. Hiyo hiyo.

— Bila randa wala msumeno watakufuta, mzee.

— Najua, mwanangu.

Kokuberwa akampa penseli atie sahihi. Kasimiri akaisogeza karatasi hadi puani, akaandika jina lake kando kabisa ya mstari, nusu yake ikaangukia kwenye faili. Kokuberwa akaitazama ile sahihi, kisha akamtazama mzee machoni, muda mrefu. Akakimbilia basi, awahi orodha.

Sie tukabaki tumesimama pale. Hakuna aliyekaa tena.