Salamu Ndefu za Madam Editha

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: naogopa kupiga simu. Nikitumwa kumpigia mtu mzima, kwanza naandika salamu kwenye karatasi, halafu mara nyingi simpigii. Kwa hiyo nilishangaa Mkuu wa Shule aliponichagua mimi niandike kuhusu mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa simu.

Bi. Editha Komba, katibu muhtasi wa shule yetu hapa Kiwalani, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Sisi wanafunzi tunamwita Madam Editha. Alikuja kutoka Songea akiwa msichana, akaanza kazi kwa mashine ya taipu iliyokatika herufi R, akawa anajazia kila R kwa kalamu. Amefanya kazi na wakuu wa shule wengi, na wote yeye ndiye aliyewaonyesha ufunguo wa stoo unapokaa.

Kinachojulikana zaidi ni salamu zake. Madam Editha hawezi kumpigia mzazi akaingia moja kwa moja kwenye jambo. Atauliza umeamkaje, ataulizia mgonjwa, ataulizia mpaka kuku. Walimu humtania kwamba mwanafunzi akitoroka, Madam atakapomaliza kumsalimia mzazi, mtoto atakuwa ameshafika Mbagala. Kwenye mkutano mmoja wa wazazi, Baba Hija, anayefanya kazi machinjioni Vingunguti, alilalamika kwamba salamu zile zinammalizia chaji.

"Basi, Baba Hija," Madam akamjibu, "siku nisipokusalimia ndiyo uogope."

Watu walicheka, mkutano ukaendelea.

Mwaka jana simu iliita nyumbani kwetu nikiwa shuleni. Ninalelewa na bibi yangu, Bibi Mwanabaraka, mweka hazina wa kikoba cha kina mama wa mtaa wetu. Fedha zao zote zilikuwa kwenye simu yake. Sauti ya mwanamke ilisema ni Editha wa shuleni, kwamba mimi, Najma, nimegongwa na bodaboda na hospitali hawanigusi mpaka walipwe. Kuna tarakimu zimeingia kwenye simu ya Bibi, azisome haraka ili shule isaidie kulipa. Alijua jina langu na kidato changu, hata majina matatu ya Bibi kama yalivyo kwenye kitambulisho. Bibi alikuwa ameshavaa miwani. Kisha akauliza, "Editha, mbona leo hata goti langu hujaliulizia?"

Akajibiwa kwamba hakuna muda wa magoti, mtoto anakufa. Bibi akakata.

Akapiga namba ya shule aliyokuwa ameihifadhi mwenyewe. Madam Editha akapokea, akamwamkia, akaulizia goti, akaulizia kama maji yametoka bombani. Bibi anasema hajawahi kufurahia swali la maji kama siku ile. Alianza kulia kabla hajaambiwa lolote, maana huyu sasa alikuwa Editha mwenyewe. Ndipo akaeleza.

"Mama, Najma namwona hapa dirishani," Madam akamwambia. "Wenzake wanacheza netiboli, yeye kaficha uso kwenye kitabu."

Wiki ile Madam aliwapigia wazazi wote, mmoja mmoja, kwa salamu kamili. Aliwaambia shule haitamwomba mtu namba ya siri wala tarakimu zilizoingia kwenye simu yake, na kwamba ukipigiwa na mwenye haraka, kata, kisha piga wewe namba unayoijua. Aliwaelekeza pia kupiga *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Baba Hija alikuta laini asiyoitambua, akaenda kuifungia, na tangu hapo hatujamsikia akilalamikia chaji.

Siku chache baadaye Madam alinunua karanga nje ya geti, akakuta zimefungwa kwa karatasi zetu za zamani, zenye majina na namba za wazazi. Alizinunua zote, meza nzima. Tulikula karanga siku mbili, na sasa karatasi kuukuu za ofisi zinachomwa nyuma ya jiko.

Madam Editha anahamia Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga polepole. Tunamshukuru. Fedha za kikoba zipo, na Bibi analala usingizi wake. Kwako Madam, tunakuombea afya, utulivu, na majirani wasio na haraka.

Nilipomaliza kuandika haya, ilibidi nimwombe ruhusa ya kuyachapisha. Nikachukua simu ya Bibi, bila karatasi, nikampigia. Nilimwamkia. Nikamuulizia mgongo wake, nikamuulizia mjukuu wake Leonardi, nikaulizia kama paa la Chanika limekamilika. Kisha nikasema shida yangu.